Kabla ya Mstari wa Kumi na Moja

Msikilizaji, kama una Biblia karibu nawe, ifungue kwenye kitabu cha nabii Yeremia, sura ya 29. Najua jicho lako litakimbilia wapi. Litakimbilia mstari wa 11, pale Mungu anapowahakikishia watu wake kwamba anawatakia mema na kwamba mbele yao kuna tumaini. Huenda umeupigia mstari kwa kalamu. Tumeuona kwenye kadi za harusi, kwenye fulana za mahafali, nyuma ya bajaji, kwenye kalenda za kanisa, na kila Januari unazunguka katika simu zetu kama salamu ya mwaka mpya. Leo naomba tuuache kwanza. Tuanze mstari wa 1, twende taratibu. Mimi nitasimulia kwa maneno yangu, wewe usome kwa macho yako.

Mstari wa kwanza unatuambia jambo ambalo ni nadra kulisikia likitajwa mstari wa 11 unapohubiriwa: hii ni barua. Ina mwandishi, Yeremia, aliyeko Yerusalemu. Ina wapokeaji: wazee waliosalia miongoni mwa mateka, makuhani, manabii, na watu wote ambao Nebukadreza aliwachukua akawapeleka Babeli. Ina hata wabebaji, Elasa mwana wa Shafani na Gemaria mwana wa Hilkia, waliotumwa Babeli kwa kazi ya mfalme Sedekia. Majina kama hayo tumezoea kuyaruka. Tusiyaruke. Shafani alikuwa mwandishi wa mfalme Yosia, ndiye aliyemsomea mfalme kile kitabu cha torati kilichopatikana hekaluni. Habari hiyo iko katika 2 Wafalme 22. Ukirudi nyuma kidogo katika Yeremia, mwisho wa sura ya 26, utamkuta Ahikamu mwana wa Shafani akimkinga nabii asiuawe na watu. Kwa hiyo barua hii ilipita mikononi mwa ukoo uliokuwa umeshasimama upande wa Yeremia wakati kusimama naye kulikuwa hatari. Haya tumeyapata kwa kuuliza swali moja tu, kwamba nani aliibeba barua.

Tuwatazame sasa waliopelekewa. Mwaka wa 597 kabla ya Kristo, jeshi la Babeli liliitwaa Yerusalemu. Mfalme alikuwa kijana wa miaka 18, Yehoyakini, ambaye Yeremia humwita Yekonia, na alikuwa ametawala miezi mitatu tu. Alichukuliwa yeye, mama yake, watumishi wa nyumba ya mfalme, wakuu, mafundi na wahunzi. Babeli ilichagua. Iliwachukua wanaojua kazi na wanaojua kuongoza, ikawaacha maskini wa nchi. Vitabu havilingani katika idadi: 2 Wafalme 24 inataja mateka 10,000, na Yeremia 52 inataja 3,023 kwa uhamisho huohuo. Wapo wanaosema orodha moja ilihesabu wanaume peke yao. Sina haja ya kulazimisha jibu hapa, ila naomba usiogope kuona tofauti ya namna hiyo. Msomaji anayefumba macho mahali hesabu zinapogongana atafumba macho na mahali pengine.

Jambo la kushika ni hili: barua ilipoandikwa, Yerusalemu ulikuwa bado umesimama. Hekalu lilikuwapo. Kuchomwa kwake kulikuja yapata mwaka wa 586, miaka kama kumi na mmoja baada ya uhamisho huu wa kwanza. Jiweke basi mahali pa mhunzi wa Yuda aliyekaa kando ya mfereji huko Babeli. Nyumbani kupo. Ndugu zako wako huko. Madhabahu inawaka. Mfalme wako yu hai, yuko hapo mjini pamoja nawe. Kwa nini usiamini kwamba mwakani mnarudi?

Na mfalme kweli alikuwa hai. Wachimbaji wa Kijerumani wakiongozwa na Robert Koldewey walichimba magofu ya Babeli, katika Iraki ya leo, kuanzia mwaka 1899. Miongoni mwa vilivyotoka ardhini ni vibao vya udongo vyenye hesabu za posho ya jumba la kifalme, na mwaka 1939 msomi Ernst Weidner alichapisha baadhi yake. Humo limo jina la Yehoyakini, mfalme wa Yuda, akipewa mafuta yeye na wanawe watano. Karani wa Babeli hakuwa na habari kwamba anatuandikia sisi ushahidi. Alikuwa anafunga hesabu zake tu. Lakini ukishakijua kibao kile, Yeremia 29 haisomeki tena kama maneno yaliyoelea hewani. Wale walikuwa watu, wakila posho ya adui yao.

Sasa rudi ukurasa mmoja, sura ya 28. Hapa ndipo ninapotaka tukae, kwa sababu bila sura ya 28 mstari wetu hauna mgongo.

Yeremia alikuwa anatembea Yerusalemu na nira ya mti shingoni, kama ile wanayofungwa ng'ombe wa kulima. Ilikuwa mahubiri yake: mataifa yote ya hapa, pamoja na Yuda, yatamtumikia mfalme wa Babeli. Akaja nabii mwingine, Hanania mwana wa Azuri, mtu wa Gibeoni, akasimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote. Naye alisema kwa jina la Bwana. Kwa kumsikiliza tu usingemtofautisha na Yeremia. Ujumbe wake ulikuwa mtamu: Mungu amekwisha kuivunja nira ya Babeli. Ndani ya miaka miwili vyombo vya hekalu vitarudi, Yekonia atarudi, mateka wote watarudi.

Yeremia alijibu nini? Alisema amina. Hakumtukana. Alisema, Bwana na afanye hivyo, ayatimize maneno yako. Naye alikuwa na ndugu huko. Naye alitamani warudi. Kisha akamwonya kwamba nabii anayetabiri amani hujulikana neno lake litakapotimia. Hanania akaichukua ile nira shingoni mwa Yeremia, akaivunja mbele ya watu. Na Biblia inasema Yeremia akaenda zake. Mpaka hapo, kwa macho ya waliokuwapo, Hanania ameshinda. Baadaye ndipo Yeremia akaagizwa kumwambia kwamba nira ya mti imevunjwa na badala yake itakuwapo ya chuma, na kwamba Hanania mwenyewe atakufa mwaka huohuo. Alikufa mwezi wa saba, miezi miwili tu baada ya ile siku ya hekaluni.

Mara tu baada ya kisa hicho, kitabu kinatuwekea barua. Mwandishi hatuambii barua ilitumwa mwaka gani, lakini aliyepanga kitabu alitaka tuzisome sura hizi mbili pamoja, na tumtii. Hanania kasema miaka miwili. Yeremia anasemaje?

Anasema: jengeni nyumba, mkakae ndani yake. Pandeni bustani, mle matunda yake. Oeni, mzae, waozeni watoto wenu nao wazae; muongezeke huko, msipungue. Utafuteni usalama wa mji ule mliopelekwa, mwombeeni kwa Bwana, kwa maana usalama wake ndio usalama wenu. Msidanganywe na manabii na waaguzi walio kati yenu, wala msizisikilize ndoto. Kisha, mstari wa 10, miaka sabini. Ikitimia sabini ya Babeli, ndipo Mungu atawarudisha. Ndipo. Na baada ya hapo tu unakuja mstari wa 11.

Sabini. Piga hesabu, msikilizaji. Mtu mzima aliyeisikia barua ile ikisomwa hakuwa na sabini mbele yake. Zaburi ya 90 inautaja mwaka wa sabini kama ukomo wa kawaida wa maisha ya mtu. Hata nje ya Israeli idadi hiyo ilijulikana kama kipimo cha hasira ya mbinguni: maandishi ya Esar-hadoni, mfalme wa Ashuru aliyetawala karibu karne moja kabla ya uhamisho huu, yanadai kwamba mungu Marduki aliuhukumu mji wa Babeli ukae ukiwa miaka sabini, kisha akaipunguza ikawa kumi na mmoja. Wengine wanahesabu sabini ya Yeremia kwa kalenda, kutoka hekalu lilipobomolewa hadi lilipojengwa upya, yapata mwaka wa 515. Wengine wanaipokea kama idadi ya mviringo, umri wa mtu mmoja. Vyovyote utakavyoihesabu, aliyepelekewa barua akiwa na ndevu hangerudi. Ezekieli alikuwa miongoni mwa mateka wa kundi hili, na hakuna mahali tunaposoma kwamba alirudi. Yekonia alitolewa gerezani mwaka wa 37 wa uhamisho wake akala mezani pa mfalme wa Babeli, na kitabu cha Wafalme kinamwachia hapo, ugenini.

Mateka waliipokeaje barua? Sura yenyewe inatuambia, na nasikitika kwamba sehemu hii haisomwi. Kuanzia mstari wa 24 yuko mtu aitwaye Shemaya, mmoja wa mateka. Alipoisikia alikasirika. Akaandika barua zake kwenda Yerusalemu, akamlaumu kuhani Sefania: mbona humkemei Yeremia? Mbona hujamfunga mkatale? Ameleta habari huku Babeli kwamba uhamisho ni wa muda mrefu! Kuhani akaisoma barua hiyo masikioni mwa Yeremia. Yaani lile andiko ambalo kwetu ni kadi ya pongezi, huko lilikotumwa kulikuwa na mtu aliyetaka mwandishi wake afungwe.

Sasa tuusome mstari wa 11. Mungu anasema na watu waliohamishwa, wote pamoja kama taifa, ambao ameshawaambia kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyewapeleka uhamishoni, na kwamba hawatatoka haraka. Kwa watu hao anasema: sijawasahau, ninalokusudia juu yenu si kuwaangamiza. Ahadi hii imetolewa kwa kizazi kitakachokufa kabla haijatimia, na kizazi hicho kinatakiwa kujenga, kupanda na kulea watoto kwa nguvu yake. Mistari ya 12 hadi 14 inaeleza wema wenyewe unavyoanza: mtaniita, mtaniomba, mtanitafuta, nanyi mtaniona. Linalotangulia ni kumpata Mungu hukohuko Babeli, na kurudi nyumbani kunakuja baadaye.

Nitasema linaloniuma. Mara nyingi tunachukua maneno ya Yeremia na kuhubiri ujumbe wa Hanania. Mhubiri anausoma mstari wa 11 usiku wa mkesha wa mwaka mpya, halafu anatangaza: mwaka huu ni wako, kabla ya mwezi wa sita utakuwa na nyumba, visa, mchumba. Muda mfupi, furaha kubwa, jina la Bwana juu yake. Hilo ndilo Hanania alilolisema hekaluni, na barua iliandikwa kuwakinga watu na mahubiri ya namna hiyo. Mwezi wa sita unapopita, anayebaki na aibu ni yule mama wa kibanda cha mboga aliyetoa sadaka yake akaamini. Anaambiwa hakuwa na imani. Mhubiri ana andiko lingine la mwaka unaofuata. Kusoma nusu ya barua si kosa la darasani tu, linawaumiza watu.

Najua swali linalokuja. Mama amekaa wodini usiku, mtoto wake anapumua kwa shida, na mstari pekee anaoukumbuka ni huu. Je, nimnyang'anye? Hapana. Kaa naye, uuseme pamoja naye. Mungu wa barua ile hajabadilika, na mama huyo anayo haki ya kumshika. Lakini mimi ninayesimama na kufundisha, niliye na muda na kitabu na meza, sina haki ya kumwambia mstari huo unamhakikishia kwamba kesho mtoto atapona. Haukusema hivyo. Unasema jambo ambalo litamfaa hata kesho ikija vibaya: kwamba Mungu yupo hata mahali ambapo majibu yamechelewa kupita maisha yetu. Wale mateka walizika wazazi wao Babeli wakiwa na mstari huu mkononi.

Ukiijua barua ilikotoka, unaanza pia kuona ni nani leo aliye karibu zaidi na wapokeaji wake. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu mkoani Kigoma, ilianzishwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu waliokimbia vita Kongo. Aliyezaliwa humo siku zile ni mtu mzima leo, pengine mwenye watoto wake. Nampa msikilizaji wa huko, anayesali kwa Kiswahili kilekile changu, haki ya kunifundisha sura hii. Anajua maana ya kuambiwa miaka miwili halafu miaka miwili inapita. Anajua swali la mstari wa 5 lilivyo gumu: nijenge au nisubiri? Nipande mti utakaozaa baada ya miaka mitano, au kupanda ni kukiri kwamba sirudi? Sisi tulioketi nyumbani kwetu tunauruka mstari wa 5 kwa sababu kwetu hauna uzito.

Na mstari wa 7 hatuna sababu ya kuuruka. Tafuteni usalama wa mji, muuombee. Mji gani? Mji wa adui, wa jeshi lililoitwaa Yerusalemu. Nikilinganisha mistari hii miwili, huu wa 7 una kazi ya kufanya leo mchana, mtaani kwako: mtaro uliojaa taka, shule ambayo watoto wako hawasomi lakini wa jirani wanasoma, kumwombea kiongozi ambaye hukumpigia kura. Agano Jipya linaufuata uzi huu. Waraka wa kwanza wa Petro unawaita Wakristo wageni na wapitaji, na unawataka wakae kwa mwenendo mwema kati ya mataifa. Mwishoni unatoa salamu kutoka mahali unapopaita Babeli. Waraka wa kwanza kwa Timotheo unaagiza maombi kwa ajili ya wafalme na wenye mamlaka. Hapo tunaona barua ya mateka ikivuka na kuwafikia waaminio wa zama nyingine, bila kuvuliwa mazingira yake.

Mateka walitii? Wengine walitii. Mwaka 2014 wasomi Laurie Pearce na Cornelia Wunsch walichapisha vibao vingine vya udongo, vingi vikitoka katika kijiji cha Babeli kilichoitwa mji wa Yuda. Kile cha zamani zaidi ni cha mwaka wa 572 kabla ya Kristo. Ni mikataba ya mashamba, kodi, madeni, mavuno, na humo mna majina ya watu yaliyobeba jina la Bwana. Wakulima wa Yuda wakilima ardhi ya Babeli, wakilipa kodi, na wakiendelea kuwapa watoto majina ya Mungu wao. Mwaka wa 539 Koreshi wa Uajemi aliitwaa Babeli akaruhusu watu warudi. Kitabu cha Ezra kinaanza kwa kusema kwamba hapo neno la Yeremia lilitimia. Waliorudi wengi wao walikuwa wajukuu.

Mtu atasema, mimi sina maktaba, sijasoma chuo cha theolojia, vibao vya udongo nitavitoa wapi? Nikujibu kwa ukweli: sehemu kubwa ya haya tuliyosema leo haikuhitaji maktaba. Ilihitaji sura ya 28, ilihitaji kusoma sura ya 29 hadi mwisho, na kufuata yale marejeo madogo yaliyochapwa pembeni au chini ya ukurasa. Ukiwa na Biblia ya Union na ile ya Habari Njema, zisome bega kwa bega. Ukipata itifaki ya Biblia, tafuta jina la Shafani uone linakokupeleka. Na usisome peke yako kila mara. Katika jumuiya ndogo ndogo na vikundi vya Biblia tuna desturi nzuri ya kila mmoja kulitaja neno lililomgusa. Naipenda desturi hiyo. Ila naomba mwenyekiti wa jumuiya auongezee mduara swali moja kabla ya lile la nani ameguswa: waliolisikia mara ya kwanza walikuwa nani, na walikuwa katika hali gani? Liulizwe kwanza. Mzee asiyejua kusoma anaweza kulijibu vizuri kuliko mwenye shahada, akisikia sura nzima ikisomwa kwa sauti. Barua ile nayo ilisomewa watu.

Na sala? Sala iwepo mwanzo, katikati na mwisho. Lakini kusali kusiwe njia ya kukwepa kusoma. Roho wa Mungu aliyemwongoza Yeremia kuandika mistari kumi ya kwanza hakufanya hivyo ili atupe kazi ya kuiruka.

Nakuachia andiko la kufanyia kazi wiki hii, na tukikutana tena tutalizungumza. Ni Wafilipi 4:13, mstari ambao wanamichezo na watahiniwa wanaupenda sana. Anzia mstari wa 10. Tafuta Paulo yuko wapi anapoandika. Sura ya 1 itakuambia. Tafuta Epafrodito ameleta nini, na kutoka kwa nani. Soma mstari wa 12 mara mbili, uone Paulo amejifunza kuishi katika hali zipi. Ndipo usome wa 13, uandike kwenye daftari lako kwamba nguvu anayoitaja hapo alipewa ili aweze kufanya nini.